Miti Mia Mbili Kando ya Chemchemi

Mzee mmoja wa Kibosho, mkoani Kilimanjaro, alinipokea shambani kwake kwa furaha. "Mwanangu, mambo ya maendeleo endelevu mimi nimeshamaliza. Nimepanda miti mia mbili." Nikamwomba anioneshe. Yote ni mikaratusi, na imezunguka chemchemi wanayochota maji. Kwenye jiwe la kuwekea ndoo, alama ya maji ya zamani iko kiganja kizima juu ya maji ya sasa.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, na naisikia kuanzia Old Moshi hadi Machame: ukishapanda mti, kazi imekwisha. Haijaisha! Mkaratusi hukua upesi na hunywa maji mengi. Uweke kwenye shamba la kuni, mbali kabisa na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kandokando ya vyanzo vya maji, na huko ndiko wenzetu wanakopanda miche.

Tume ya Brundtland ya Umoja wa Mataifa ilishaeleza maana ya maendeleo endelevu mwaka 1987: kizazi cha leo kipate mahitaji yake bila kukinyima kijacho uwezo wa kupata yake. Uchumi, jamii na mazingira hupimwa pamoja. Ndiyo maana nikifika kwa mtu siulizi miche mingapi. Nauliza maji yanamfikia nani kule chini, kahawa ikishuka bei nyumba inakula nini, na mjane mwenye kihamba kidogo, yaani shamba la nyumbani, anapata zamu yake ya mfongo, mfereji wetu wa asili wa maji, au anarukwa. Mti unaomkausha jirani hauna uendelevu wowote, hata uwe wa kijani namna gani.

Wengine husema haya ni mambo ya wazungu. Wachagga walichimba mifongo kabla ya ukoloni, wakagawana maji kwa zamu, na asiyetokea siku ya kusafisha mfereji alitozwa faini. Wengine wanadhani ni kukatazwa kutumia. Hapana, vuna mti wako wa mringaringa upate mbao, ila mche mwingine uwe umeshashika.

Yule mzee nilimwambia, "Baba, kabla ya panga tumwone afisa misitu, maana visiki vya mikaratusi huchipua tena." Na ninyi wenye chemchemi, chukueni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Hesabuni sekunde inazochukua kujaa, muandike ukutani jikoni, kisha mrudie kila mwezi mjue kama maji yanapungua.