Kobe Hali Wali: Mfundishe Mtoto Kumlisha Rafiki Yake

Mvulana wa darasa la tatu aliletwa kliniki kwetu na shangazi yake, amekumbatia beseni. Ndani mlikuwa na kobe chui mdogo, hazidi kiganja cha mtu mzima.

"Shikamoo dokta. Kobe wangu hatembei."

Nilimuuliza anamlisha nini. Akajibu kwa fahari: mkate wa kuchovya kwenye chai ya maziwa asubuhi, wali mchana, na ndizi mbivu siku za sikukuu. Nikaligusa gamba kwa kidole gumba, likabonyea kama mfuniko wa plastiki.

Mtoto yule hakuwa mkatili hata kidogo. Alimgawia mwenzake kile anachokipenda yeye mwenyewe, na ndivyo watoto wengi wanavyofanya. Kwa hiyo, mzazi, usianze kwa kumgombeza. Anza kwa kumweleza kwamba gamba si nyumba ambayo kobe ameivaa. Ni mfupa hai, umeungana na mbavu na uti wa mgongo, na ukiguswa kobe anahisi. Akilielewa hilo, hatalitoboa ili kufunga kamba, jambo ambalo bado tunalikuta mitaani.

Mfupa huo hujengwa kwa kalsiamu, na mwili hauwezi kuitumia kalsiamu vizuri bila vitamini D, ambayo kobe huitengeneza akiota jua. Jua la dirishani halitoshi, maana kioo huzuia miale inayohitajika. Mtoe nje asubuhi, kwenye sehemu yenye jua na kivuli pia, ili achague mwenyewe. Maji yawe kwenye sahani pana isiyo na kina; kobe chui anaweza kuzama.

Chakula chake ni nyasi na majani: ukoka, majani na maua ya haibiskasi, mpungate uliotolewa miiba, sukuma wiki mara mojamoja. Wali, ugali, mkate, maziwa na nyama havimfai. Matunda matamu huvuruga tumbo lake, hata kama anayakimbilia. Mchicha je? Ndio ambao wageni huwapa kobe wakubwa wa Kisiwa cha Changuu, Zanzibar, na watoto wakirudi kutoka huko hudhani ndio chakula chake chote. Una asidi ya oksaliki, ambayo huifunga kalsiamu, kwa hiyo uwe kidogo, uchanganywe na majani mengine. Mkazi wa pwani anaweza kumwekea mfupa mweupe wa dome, mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi, autafune. Una kalsiamu tele.

Kuhusu Changuu, watoto wasimuliwe na haya. Kobe wanne wa kwanza walitoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana, kisha wezi wakawamaliza kwa kuwauza hadi mwaka 1996 wakabaki saba tu. Kobe ni mnyamapori. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na Kenya nako ipo sheria ya mwaka 2013. Usimwokote porini ukamfanya zawadi ya mtoto. Aliyeko nyumbani tayari, waone maofisa wa wanyamapori, kama nilivyomshauri shangazi yule.

Usafi nao usisahaulike. Kobe anayeonekana mzima kabisa huweza kubeba salmonela, bakteria wanaosababisha kuhara. Marekani ilipiga marufuku tangu mwaka 1975 kuuza kasa na kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika, na beseni lake lisioshewe kwenye sinki la vyombo.

Yule mvulana nilimpa kazi moja: amfuate kobe bustanini na kuandika anachokiuma kwanza. Baada ya miezi miwili ya matibabu na jua alirudi na daftari. "Jumatatu: ukoka. Jumanne: ua jekundu. Jumatano: ukoka tena, ndizi sikumpa ingawa aliiangalia." Nikaligusa tena gamba. Pembeni lilikuwa limeanza kukaza.