Anime ya gemu ni nini, na mbona zingine zinashinda vile watu walikuwa wanatarajia

Anime ni katuni za Kijapani, na anime ya gemu ni ile haikutoka kwa manga (vitabu vyao vya katuni) wala riwaya, imetoka kwa gemu, yaani wenye gemu wamekubali dunia yao na wahusika wao wachorwe wakuwe sirisi. Hiyo tu. Lakini hapa Kisumu ukienda pale watu huwekewa muvi kwa flashi uulizie moja, vijana wa anime wenye wamekaa hapo watakuambia achana nayo hata kabla ujue jina, na hiyo kuidharau mapema iko kila mahali, si huku pekee, na sababu ziko.

Kwanza pesa. Anime nyingi za Japani hulipiwa na kampuni kadhaa zimechanga pamoja, sasa kama mwenye gemu ndiye ana sauti kubwa hapo, kitu anataka ni gemu inunuliwe, so unapata kila episodi inaleta mhusika mpya, anataja jina, anaonyesha nguvu zake, anapotea. Hapo hakuna hadithi.

Lakini kwangu sababu kubwa ni pedi, ile ya kuchezea gemu. Enda pleisteshen yoyote hapo Kondele uangalie, yule ameshika pedi anaweza kurudia sehemu moja mpaka jioni na hachoki juu ni yeye anaiendesha, lakini yule amekaa kwa benchi akingoja zamu yake anaboeka haraka sana. Mtu wa kuangalia anime ni huyo wa benchi. Gemu nyingi zinakupa mhusika hana maneno mengi ndio wewe mwenyewe ujaze hiyo nafasi, na ukimchora vile alivyo bila mtu wa kumwendesha anabaki tu ametulia hapo, hana kitu anataka.

Ndio maana mimi napenda sana kuwaonyesha watu Rage of Bahamut: Genesis, ya 2014, episodi 12, studio ni MAPPA na mwelekezi ni Keiichi Sato. Ilitoka kwa gemu ya kadi za simu ya Cygames, kadi jameni, nani angengojea kitu hapo? Kumbe kadi ndizo zilisaidia, juu hakukuwa na hadithi moja ndefu ya kufuata, waandishi wakabaki na joka, malaika, mashetani na uhuru wa kujitungia yao. Wakamweka Favaro, jamaa wa afro anayewinda wahalifu ndio alipwe, muongo kabisa, halafu msichana anaitwa Amira anamwekea mkia wa shetani ndio asikwepe ahadi ya kumpeleka mahali panaitwa Helheim. Sasa huyo ni mtu ana shida yake, ana kitu anatafuta, na unamfuata bila kujua gemu hata kidogo.

Cyberpunk: Edgerunners ilifanya hivyo hivyo. Gemu yenyewe, Cyberpunk 2077, ilitoka Desemba 2020 na makosa mengi mpaka Sony wakaiondoa kwa duka lao la PlayStation karibu miezi sita, kwa hivyo Septemba 2022 anime ikifika Netflix wengi walikuwa washakata tamaa na hilo jina. Studio Trigger hawakumchukua V, yule wa kuendeshwa na mchezaji, walichukua jiji la Night City wakaweka kijana mpya, David Martinez, amefiwa na mamake na anazidi kujiongezea vyuma mwilini, na episodi 10 zikatosha kabisa. Baada ya hapo watu wakarudi kwa gemu, wenye gemu wakatangaza wachezaji milioni 1 kila siku hiyo wiki, na jaketi ya David ilikuwa tayari imewekwa ndani ya gemu uivae. Yaani ile ambayo haikujaribu kuuza ndiyo iliuza.

Castlevania ya 2017 na Arcane ya 2021 pia zimetoka kwa gemu na ni poa sana, lakini hazikutengenezwa Japani so watu hubishana kama ni anime, mimi hapo sibishani.

Ukitaka kuanza, anza na Bahamut, kwa episodi ya kwanza kuna watu wanafukuzana na farasi na hutalala. Edgerunners weka mbali na watoto, ina damu nyingi na watu uchi, usiiwekee sebuleni kama wadogo wako hawajaenda kulala.