Je, Wajua: Mtu Aliye Peke Yake Ufukweni Huishushaje Tiara Inayoweza Kumbeba?

Tiara ya kuteleza majini, ile kaiti kubwa inayomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao, kwa kawaida hushushwa na watu wawili. Mchezaji hupigapiga utosi wake kwa kiganja, ishara inayoeleweka kwa wachezaji wa kila nchi. Mwenzake wa nchi kavu huidaka tiara iliyoinamishwa pembeni, akiishika katikati ya ukingo wake wa mbele, na mchezaji husogea hatua mbili tatu ili kamba zilegee. Basi, kazi imekwisha. Sasa mwondoe yule mwenzake. Ufukwe mtupu, jua linazama, upepo bado ni ule ule, na kamba za mita ishirini na kitu zimekazana kati ya kiuno chako na angani. Unaishushaje?

Wengi wangesema: ivute chini. Hebu tupige hesabu kwanza. Tiara ya mita 12 za mraba, upepo ukienda kilomita 36 kwa saa, hata ikisimama tu mbele ya upepo inaweza kuvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu wa kilo 70. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Na tiara ikianza kukimbia angani hujizidishia upepo kwa mwendo wake yenyewe, kwa hiyo mvuto unapanda zaidi. Hakuna misuli ya kushindana na kitu hicho.

Isitoshe, tiara hii iliundwa makusudi isikubali kulala. Mwaka 1984 ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili hataza ya tiara yenye mirija ya kujazwa hewa. Walitaka tiara ikiangukia majini ielee, ibaki na umbo lake, na iweze kuruka tena bila mtu kuigusa. Ni ubunifu uliookoa watu wengi mbali na pwani. Lakini tabia hiyo hiyo ndiyo inayokusumbua mchangani: tiara iliyoanguka bado ina umbo la bawa, na upepo ukiipata vizuri inainuka tena.

Kwa hiyo mtu aliye peke yake haishushi tiara kwa nguvu. Anaifanya iache kuwa bawa kwanza, kisha inajiangukia yenyewe.

Fikiria shuka. Lishike ncha zote nne kwenye upepo, litavimba kama tanga na kukuyumbisha. Achia ncha tatu ubaki na moja: litapepea na kupiga kelele, lakini hata mtoto ataweza kulishika. Tiara nyingi zina kamba nne. Mbili za mbele hubeba sehemu kubwa ya mzigo. Mbili za nyuma, zilizofungwa kwenye ncha za pembeni, ndizo zinazoigeuza na kuiongezea au kuipunguzia mvuto. Zote zikikaza, kitambaa hushika umbo na upepo hufanya kazi juu yake kama kwenye bawa la ndege. Mzigo wote ukihamia kwenye kamba moja tu ya mbele, bawa linakuwa bendera. Hewa inapita pande zote mbili, na mvuto unabaki kidogo sana.

Chombo kinachofanya kazi hiyo ni kifungulio cha dharura, kilicho mbele ya kiuno, pale usukani, ile fimbo unayoishika kuiongoza tiara, unapoungana na mkanda uliovaa. Kwa vingi vya siku hizi, unakishika na kukisukuma mbele, mbali na mwili. Kikifunguka, usukani unakuponyoka na kupanda kufuata ile kamba moja ya mbele, na wewe unabaki umeunganishwa na tiara kwa kamba ya usalama peke yake. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango kinachohusu vifungulio hivi, ISO 21853, chenye masharti ya usalama na namna ya kuvijaribu. Kiwango hakikusafishii mchanga, lakini. Chembe chache zilizokwama ndani zinaweza kukifanya kigome, na kitagoma siku unayokihitaji. Kisuuze kwa maji safi na ukifungue na kukifunga mara kadhaa kabla ya kurusha tiara, kila siku, hata kama jana kilikuwa sawa.

Wakati wa kukifungua una maana kubwa. Ukiupa upepo mgongo, eneo lote ambalo tiara inaweza kufika mbele yako, pembeni na juu ya kichwa huitwa dirisha la upepo. Katikati ya dirisha mvuto ni mkali; kwenye kingo zake ni mdogo. Ukifungua tiara ikiwa utosini, itaanguka kutoka juu huku ikisukumwa kuelekea katikati. Kwa hiyo iteremshe polepole kwenye ukingo wa dirisha, upande usio na watu wala miti, ikiwezekana upande wa maji, mpaka ncha yake ya chini ikaribie ardhi. Hapo ndipo unafungua. Upande wa demani, kule upepo unakoelekea, uwe na nafasi tupu ya mita 50 au zaidi, yaani urefu wa kamba zako mara mbili na ziada.

Adui mkubwa katika hatua hii ni mkono wako mwenyewe. Mtu akishtuka hushika na kuvuta. Kuuvuta usukani kunakaza kamba za nyuma, na kamba za nyuma zikikaza tiara inapata nguvu zaidi: inamvuta, naye anaung'ang'ania zaidi. Ndiyo maana nasisitiza kitendo hiki kifanyiwe mazoezi na mwalimu, majini, mpaka mkono uzoee kuachia usukani na kutafuta kifungulio bila macho kukitazama. Kukisoma tu hakutoshi.

Tiara ikishalala inapepea, ifuate. Tembea ukiikusanya kamba ile moja iliyokaza, mkono baada ya mkono, na uziache nyingine zote zilegee. Ukishika kamba nyingine kwa bahati mbaya, umeirudishia tiara ncha ya pili ya shuka, na inaweza kuamka. Usizungushe kamba mkononi kamwe. Ni nyembamba kuliko kamba ya kiatu, lakini moja huweza kuhimili zaidi ya kilo 200 bila kukatika. Ikikaza ghafla juu ya kidole, kitakachokatika ni kidole. Na kama baada ya kufungua tiara bado inavuta, labda kamba zimejisokota, kipo kifungulio cha pili kwenye kamba ya usalama cha kuiachia kabisa. Hicho ni cha mwisho, kwa sababu tiara iliyoachiwa inaweza kumkuta mtu mwingine mbele.

Zipo njia nyingine. Wapo wanaoupachika usukani kwenye nanga au mti uliochimbiwa, tiara ikiwa chini kwenye ukingo wa dirisha, kisha wanaiendea. Penye nanga imara iliyowekwa kwa kazi hiyo, inafanyika. Mimi siipendi: nanga ikichomoka au upepo ukibadili upande, tiara iko hai na hakuna mtu kwenye usukani. Wengine hudaka kamba ya mbele kwa mikono tiara ikiwa bado na nguvu. Hiyo sitaieleza zaidi, vidole vimeshatajwa.

Ufukwe ukiwa mwembamba au umejaa watu, ni afadhali kuifungua tiara ukiwa bado majini, mradi upepo unaelekea pwani. Unaizungusha kwanza ile kamba moja ya mbele iliyokaza kwenye usukani mizunguko kadhaa, ndipo unazungusha zote kwa pamoja, unazifunga zisifumuke, na kuifikia tiara yenyewe ikikuelea mbele.

Ukiufikia mrija wa ukingo wa mbele, ushike katikati. Igeuze tiara kifudifudi, ukingo wa mbele ukiuelekea upepo, ili upepo uikandamize chini badala ya kuingia ndani yake. Kisha weka mchanga juu ya kitambaa, karibu na mrija, mafungu mazito na si kiganja kimoja. Ubao usiuweke hapo, makali yake huchana kitambaa. Tazama kidogo: ncha zikitulia hata upepo unapovuma kwa nguvu, sasa unaweza kuvua mkanda na kurudi kukunja kamba.