Helikopta ya rimoti kuinama kidogo si ubovu

Wanaoanza wengi huona helikopta inaelea huku imelalia upande, wakadhani haijasetiwa vizuri. Sivyo. Rafadha kuu (mapanga ya juu) ikizunguka kisaa (ukiitazama kwa juu), kiwiliwili hutaka kuzungukia upande wa pili. Rafadha ya mkia hukizuia, ila msukumo wake huisogeza helikopta nzima kushoto. Lazima basi ilalie kulia kidogo ndipo itulie mahali pamoja.

Ili kuhakikisha hakuna ubovu, ikague ikiwa chini: vijiti vya rimoti vikiwa katikati, sahani inayoinamisha mapanga iwe nyuzi 90 na shafti ya rafadha kuu. Inyanyue helikopta kwa kitovu cha rafadha kuu, betri ikiwemo. Pua ikishuka, rudisha betri nyuma. Yenye jairo la kielektroniki (kifaa kinachohisi mzunguko na kuituliza helikopta) badala ya fito ya kusawazisha kwenye rafadha kuu, usiiguse trimu (vitufe vya rimoti vya kurekebisha kidogo): jairo huisoma kama amri ya kuendelea kubiringika.