Gogo la mgunga, soda na jiko la mama lishe

Mwaka wa masomo ukianza huwa naingia ukumbini na gogo la mgunga nililolinunua kwa wauza kuni. Nalitua mezani kwa kishindo, ili hata wale waliojificha nyuma na simu zao wanyanyue vichwa. Kisha nauliza: mti huu ulianza kwa mbegu isiyofika hata gramu 1. Uzito wote huu umetoka wapi?

"Ardhini," wanajibu, kwa sauti ya watu walioulizwa jambo la chekechea. Wachache husema maji, wengine mbolea, mmoja wawili husema jua. Hewa haitajwi kabisa, na ikitajwa darasa hucheka.

Kinachoniumiza kichwa ni kwamba hawa si watu waliokosa shule. Ni vijana wa PCB na CBG, yaani michepuo ya sekondari yenye Kemia na Biolojia. Ukiwaambia waandike mlinganyo wa usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, wanaushusha bila kufikiri: molekuli 6 za kabonidayoksaidi, molekuli 6 za maji, unapata sukari na molekuli 6 za oksijeni. Wameuandika kidato cha pili, wakaurudia cha nne na cha sita. Kabonidayoksaidi imekaa pale pale mwanzoni mwa mstari wao, ila haijawahi kukutana na gogo.

Kwa miaka kadhaa nilidhani dawa ni kuongeza maelezo. Nikanenepesha madesa, nikachora ubaoni kwa chaki za rangi kloroplasti kubwa, kile kiwanda kidogo cha kijani ndani ya seli za jani. Testi wakafaulu vizuri. Nikaliweka swali la gogo kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, wakarudi ardhini wote.

Nilikuja kuelewa siku nilipokaa nao kwenye vimbweta nikawaacha wabishane kwa Kiswahili. Katika lugha yetu hewa ni kitu ambacho hakipo. Tumesikia habari za watumishi hewa, wanafunzi hewa, ahadi hewa. Mbolea nayo tunaiita chakula cha mimea. Kijana aliyekulia kwenye maneno hayo, tena kwao wanalima, ukimwambia gogo limetengenezwa kwa hewa, anasikia unamwambia halikutengenezwa kwa chochote. Mlinganyo wake ni wa mtihani, gogo ni la dunia, na vitu hivyo viwili havijuani.

Kwa hiyo siku hizi kloroplasti inasubiri. Naanza na mzani na chupa ya soda ya mililita 500. Tunaipima ikiwa imefungwa, tunaifungua polepole, tunaitikisa kidogo na kuiacha itoe povu bila kumwaga tone. Baada ya muda tunapima tena, na kizibo chake juu ya mzani. Imepungua gramu 2 au 3. Kilichotoka ni kabonidayoksaidi, ile ile ya mlinganyo. Hapo kelele ukumbini hupungua, maana wameiona hewa ikiwa na uzito, na mzani hauna chama.

Baada ya soda nawapa habari za Jan Baptist van Helmont, daktari wa Brussels. Alipanda mti mchanga wa kilo 2 na ushee kwenye chungu chenye udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akawa anaumwagilia maji tu. Miaka 5 baadaye mti ulikuwa na zaidi ya kilo 75. Aliukausha tena udongo, akaupima, akakuta umepungua gramu 60 hivi tu. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648, miaka 4 baada ya kifo chake.

Mwaka mmoja nilijaribu kulirudia jaribio hilo kwa kunde kwenye ndoo nyuma ya maabara. Mwisho wa muhula udongo ulikuwa umeongezeka uzito. Wanafunzi wakafurahi mno. Kosa lilikuwa langu: niliupima ukiwa mkavu wa Oktoba, nikaja kuupima tena bila kuukausha, baada ya mvua za Januari. Van Helmont, miaka karibu 400 nyuma yangu, alikumbuka kuutia udongo kwenye tanuri kwanza. Siku hizi nawapa takwimu zangu mbovu wazikosoe wenyewe, na nadhani wanajifunza zaidi kuliko jaribio lingekubali.

Lakini kinachonipendeza zaidi kwa mzee huyo ni mkaa. Aliwahi kuandika kwamba ukichoma ratili 62 za mkaa (ratili ni kipimo cha zamani, karibu nusu kilo) unabaki na ratili 1 ya majivu, na zile nyingine zimeondoka kwa umbo la hewa ya pekee. Yeye ndiye aliyebuni neno gesi, hili tunalolitumia hadi kwenye mitungi ya kupikia. Yaani kabonidayoksaidi alikuwa nayo mkononi! Alijua mkaa unageuka hewa, ila hakugeuza wazo lile upande wa pili, kwamba hewa nayo inaweza kugeuka mti. Wanafunzi wakisikia hivyo wanaacha kujiona wajinga.

Mkaa tunaupima wenyewe. Karibu na geti kuna mama lishe ambaye jiko lake nimelifanya tawi la maabara. Asubuhi tunampimia kilo 2 za mkaa, mchana akimaliza kupika tunazoa majivu yake yakipoa. Mara ya kwanza tulipata gramu 70 hivi. Nikawauliza vijana, kilo moja na gramu 930 zimekwenda wapi? Kabla hawajajibu, yeye akadakia huku anafuta mikono kwenye kanga: "Si umepaa, Mwalimu? Ungebaki humu si jiko lingejaa?"

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Majivu, kwa kiasi kikubwa, ndicho kile mti ulichochukua ardhini: kalisi, potasiamu, magnesi, fosforasi. Naitrojeni nayo ilitoka ardhini, ila hiyo huondoka na moshi. Kilichopaa kilikuja kwa hewa kikarudi hewani. Ukikausha mmea ukabaki bila maji, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni, na kaboni hiyo yote imeingia kupitia vitundu vidogo vya majani, kutoka kwenye hewa ambayo ndani ya kila molekuli 10,000 ina molekuli 4 tu za kabonidayoksaidi.

Hapo ndipo huja swali ninalolisubiri, na kwa kawaida linatoka kwa mtoto wa mkulima: "Sasa Mwalimu, kama uzito hautoki ardhini, samadi tunahangaika nayo ya nini?"

Namuuliza kama amewahi kuona tembe la Kigogo likijengwa. Uzito wa nyumba ni miti na udongo. Kamba za kufungia ni kidogo sana, unazibeba zote kwa mkono mmoja, ila bila hizo hakuna kinachosimama. Samadi ndiyo kamba. Kila molekuli ya klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, ina atomu 1 ya magnesi katikati yake. Kimeng'enya (kichocheo ndani ya jani) kinachokamata kabonidayoksaidi ni protini, na protini haitengenezwi bila naitrojeni. Shamba likikosa naitrojeni, jani linakuwa la njano, na jani la njano linakamata hewa kidogo. Mkulima haoni sehemu hiyo ya hewa, anaona mahindi mafupi tu, ndiyo maana anailaumu ardhi. Wala hakosei kuilaumu.

Na maji? Kwa Dodoma hili ni jambo zito, sisi tunaopata msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, kisha vumbi. Vitundu vinavyoingiza kabonidayoksaidi ndivyo hivyo hivyo vinavyotoa mvuke. Mmea hauwezi kufungua mlango kwa ajili ya mgeni mmoja tu. Kwa kila gramu 1 ya kitu kikavu unachojenga, unapoteza mamia ya gramu za maji. Mvua ikikatika, mmea unafunga vitundu ili usikauke, na kwa kufanya hivyo unakaa na njaa ya hewa katikati ya hewa.

Mtama na uwele vimeutafutia dawa mtego huo. Vina kimeng'enya kingine kinachokamata kabonidayoksaidi kwanza, kisha vinairundika kwenye seli zinazozunguka mishipa ya jani, hivyo vinaweza kubana vitundu bila kulala njaa. Mahindi nayo ni ya kundi hilo, na bado tunayaona yakikauka Bahi na Chamwino, wilaya za huku kwetu Dodoma. Mtama una ujanja mwingine: ukibanwa na ukame unasimamisha ukuaji na kusubiri, mvua ikirudi unaendelea. Darasa hili huwa refu kuliko ratiba inavyoruhusu na siombi radhi. Nimewahi kutoka nao nje tukakate gome la mbuyu kidogo kwa kisu, waone tabaka la kijani chini yake linaloendelea kunasa mwanga, wakati mti wenyewe hauna jani hata moja.

Muhula uliopita, nikiwa nakusanya mzani na chupa zangu, binti mmoja wa mstari wa mbele akauliza: "Na mtu akikonda, mafuta yanakwenda wapi?" Ukumbi ukajibu kwa pamoja: jasho! Wengine wakasema chooni, wengine yanageuka nguvu. Nikawaambia hesabu iliyofanywa Australia na Ruben Meerman na Andrew Brown mwaka 2014: kilo 10 za mafuta zikiunguzwa mwilini, kilo 8.4 zinatoka puani na mdomoni kama kabonidayoksaidi, na kilo 1.6 zinakuwa maji.

Walikataa. Yule binti alikaa kimya akiandika, kisha akasema, "Kwa hiyo kitambi kinapaa kama ule mkaa wa mama." Nikamwambia wiki ijayo aje ubaoni aonyeshe kwa mlinganyo ule ule, akiusoma kutoka kulia kwenda kushoto.