Flying Tigers hawakupigana kabla ya Pearl Harbor

Bado wako wengi wanaoamini kwamba Flying Tigers, marubani Wamarekani waliojitolea kuitetea China, walikuwa wakipambana na Wajapani angani miezi kadhaa kabla ya Japani kuishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji ya Marekani huko Hawaii. Sivyo. Kweli, walianza kuwasili Burma mwishoni mwa Julai 1941, lakini miezi iliyofuata ilikuwa ya mazoezi tu huko Toungoo, wakijifunza mbinu za kamanda wao, Claire Chennault, kwa ndege za kivita za P-40. Baadhi ya ndege hizo waliziharibu wenyewe wakitua! Pearl Harbor ilishambuliwa Desemba 7; pambano lao la kwanza lilikuwa Desemba 20, wakiulinda mji wa Kunming nchini China. Na huko "kujitolea" kusikudanganye: walilipwa mshahara mnono, pamoja na dola 500 kwa kila ndege ya Japani waliyoiangusha.