Maharage: anza kuhesabu kutoka mavunoni

Mahindi hupandwa kwa kuangalia mvua inaanza lini. Maharage hupandwa kwa kuangalia mvua inakatika lini. Wazee wa huku Lushoto wanalijua hilo tangu zamani, lakini kila ukifika mwezi wa tatu simu yangu haipumziki: "Bibi shamba, mvua imeshuka jana, tutoke?" Nami nauliza swali lile lile: unataka kung'oa lini?

Nalisisitiza hili kwa sababu liliniuma. Mwaka wangu wa kwanza kuwa na shamba langu mwenyewe, juu kidogo ya Soni, nilipanda tarehe 5 Machi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo na majirani wote walikuwa wameshika majembe. Maharage yaliota vizuri, yakachanua, yakabeba. Kufika mwisho wa Mei majani yamepukutika na maganda yamegeuka rangi, na hapo ndipo masika ilipokaza. Siku tisa sikuweza kung'oa. Nilipofungua ganda la kwanza, punje zilikuwa zimevimba, ganda limelainika kama karatasi iliyoloa, na punje tatu kati ya tano zilishatoa mzizi mweupe humo humo ndani. Robo tatu ya eka ilienda hivyo.

Maharage mafupi, yale yasiyotambaa, huchukua siku 75 hadi 90 kutoka kupandwa hadi kukauka. Chukua 85 kama kipimo. Ukipanda tarehe 5 Machi unafika tarehe 29 Mei, na milimani kwetu Mei bado ni mwezi wa maji. Ukipanda tarehe 20 Machi unafika tarehe 13 Juni, mvua imepungua na upepo wa kusi unakausha. Wiki mbili tu, lakini ndizo zinazoamua kama utapeleka gunia sokoni au utarudisha matope nyumbani. Wa juu zaidi, upande wa Magamba na Lukozi, waongeze siku, maana baridi huchelewesha kila kitu, na kuiva kwa siku 100 si ajabu. Kwa vuli hesabu ni nyepesi: panda tarehe 20 Oktoba, utang'oa katikati ya Januari juani, na kupura na kupepeta kutakuwa raha.

Sasa mtu ataniambia: basi nisubiri hadi Aprili iishe, nivune kukavu kabisa. Hapana. Ukichelewa unampisha inzi wa maharage. Ni inzi mdogo mweusi, hutaga kwenye majani machanga, na funza wake hushuka ndani ya shina hadi usawa wa udongo. Mkulima huona mche umenyong'onyea na majani ya chini yamekuwa manjano, akadhani ni kiu. Ng'oa mmoja, upasue shina kwa ukucha pale chini palipovimba na kupasuka: utakuta vidude vya kahawia kama punje za ulezi. Hao ndio. Mashamba yaliyochelewa hupigwa zaidi kuliko yaliyowahi, kwa sababu inzi wameshazaliana kwa jirani aliyetangulia. Na hata mche ukipona, utachanua mvua ikiwa imeshakatika, na ua la maharage likikosa maji hudondoka. Kwa hiyo dirisha letu ni jembamba, kama siku 14 hivi, kila mtu na lake kulingana na mwinuko wake. Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nausoma kila unapotoka, lakini nausoma nikitafuta mvua itaisha lini, ingawa wengi husoma mstari wa kuanza tu.

Wasomaji wa Tanga mjini, Pangani na Muheza ya chini huniandikia wakilalamika kwamba maharage yao hustawi majani, yanachanua, kisha hayana kitu. Ndugu zangu, kosa si tarehe. Maharage haya ni mmea wa ubaridi wa wastani. Mchana ukipita nyuzi 30 na usiku ukakataa kupoa, maua hupukutika kabla ya kutunga. Pwani yetu mwezi Machi haipoi usiku. Pandeni kunde au choroko, ambazo joto hilo ni kwao nyumbani, na maharage mnunue kwetu yanaposhuka Mombo. Sisemi hivyo kwa kujipendelea. Nimeona watu wakirudia msimu hadi msimu wakibadilisha mbolea na mbegu, huku tatizo ni jua.

Binamu yangu anaishi Uingereza na ana kibustani nyuma ya nyumba. Yeye hupanda maharage ya kula mabichi kuanzia katikati ya Mei, baada ya barafu ya usiku kuondoka, na hungoja udongo ufike nyuzi 12 hivi, maana chini ya hapo mbegu hukaa ardhini ikinywa maji bila kuota, mwisho ikaoza. Tuliwahi kulinganisha kalenda zetu kwa simu, yeye na majira yake ya machipuko, mimi na masika yangu. Yeye adui yake yuko mwanzoni mwa msimu, wangu yuko mwishoni. Wakulima wengi wa mtandaoni huchukua ushauri wa nchi za baridi bila kuliona hilo.

Tarehe ikishapatikana, bado udongo una neno lake. Mimi hufukua hadi kina cha kiganja na kifundo cha mkono, nikachukua konzi ya udongo wa chini, nikaukamua. Ukitoa maji au ukibaki donge linalong'aa, rudi nyumbani. Ukishikana, kisha ukasambaratika nikiusukuma kwa kidole gumba, nenda kachukue mbegu. Udongo wetu mwekundu ukilimwa ukiwa umeloa hugeuka tofali, na hapa naomba tusogee karibu kidogo.

Mbegu ya mahindi hutoa kijani chembamba kama sindano, nacho hupenya. Maharage hayafanyi hivyo. Shingo ya mche hujikunja kama ndoano, hutangulia juu, kisha hujivuta na kuibeba mbegu nzima, nusu zake zote mbili, hadi nje. Hebu fikiri mzigo huo unapita chini ya gamba la udongo uliopigwa na mvua kubwa kisha jua. Siku ya sita nenda shambani asubuhi uinue gamba taratibu. Utaona shingo zimekatika, kichwa kimebaki chini, kijiti cheupe kimesimama peke yake. Mche huo hauponi. Ndiyo maana nafukia sentimita 3 hadi 4 tu kwenye udongo mzito, 5 kwenye kichanga, na sikanyagi juu ya shimo baada ya kufukia. Gamba likishakaa, pitisha tawi la majani makavu juu ya mistari siku ya nne, kwa mkono mwepesi.

Nafasi: mstari hadi mstari sentimita 50, mbegu hadi mbegu 10. Ukipenda mbili mbili, weka 20. Kwa njia zote mbili unapata miche 80,000 kwenye eka, na kwa aina ya punje kubwa kama Lyamungo 90 andaa kama kilo 36 za mbegu. Usiloweke mbegu. Punje kubwa ikinywa maji kwa pupa hupasuka ndani. Mbolea ya kupandia iwe pembeni au chini ya mbegu na udongo katikati yao, isigusane nayo. Samadi iliyoiva ukiwa nayo, ni bora zaidi.

Jambo moja ambalo watu huliruka ni kupima mbegu. Msimu uliopita mama mmoja jirani yangu, mtu mzima aliyenifundisha mengi, alinionyesha debe la mbegu aliyoihifadhi kwa majivu. Haikubunguliwa hata punje.

"Mwanangu, hii haina neno. Tazama inavyong'aa."

"Shikamoo yako naiheshimu, mama, lakini nipe mia moja tu."

Tulizihesabu pamoja kwenye ungo, tukazizungusha ndani ya kipande cha gunia kilicholoa, nikakiweka jikoni kwake mbali na moshi. Siku ya saba tulifungua: 61 zimeota. Zilizobaki zilikuwa laini na zinanuka. Akanyamaza, kisha akasema, "Ningelia Aprili." Alibakiza ile mbegu kwa kuongezea tu na akaazima nyingine kwa wifi yake. Kipimo changu ni hiki: zikiota 80 na zaidi, panda kawaida. Kati ya 60 na 80, ongeza mbegu kwenye kila shimo. Chini ya 60, weka chunguni, utafute nyingine. Na ukinunua dukani, soma lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, uone tarehe ya kupimwa, kisha upime mwenyewe vile vile. Niliwahi kuuziwa mfuko mzuri, umefungwa vizuri, mbegu zake zikaota 40 kwa mia. Gunia lililoloa ndilo lililoniokoa.

Baada ya kupanda, hesabu miche siku ya saba hadi ya kumi. Palipo na pengo, jazia siku hiyo hiyo. Baada ya siku ya kumi acha pengo lilivyo, kwa sababu maharage hung'olewa kwa pamoja, na mche uliochelewa utakuwa na maganda mabichi siku ambayo wenzake wamekauka, ukaingiza unyevu kwenye gunia zima.